Nilichokikuta chini ya zulia: kukarabati ndani ya ndege ndogo

Kwa mbali, kiti cha ndege ndogo kinafanana na kiti cha gari. Kina kikalio, kina mgongo, kina sponji na kitambaa, na ukikigeuza utakuta vyuma. Ndiyo maana wenye ndege wengi huamini kwamba fundi yeyote mwenye cherehani nzuri anaweza kuwabadilishia ndani ya ndege yao wikendi moja, na mafundi wengi huipokea kazi hiyo kwa furaha. Nimefanya kazi hii kwa miaka katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, na nataka kueleza kwa nini mambo hayako hivyo.

Nilianzia Barabara ya Kirinyaga, ambayo watu wa Nairobi bado wanaiita Grogan, nikishona viti vya matatu: reksini nyekundu, mishono ya almasi, nembo za timu za mpira mgongoni. Cherehani niliijulia pale na ninaiheshimu mpaka leo. Lakini matatu ukishaishonea viti unamkabidhi mwenyewe ufunguo, mnaagana. Ndege haiendi hivyo. Ndani ya ndege ndogo, fundi wa viti na zulia ndiye anayefika mahali ambapo hakuna jicho lililofika kwa miaka ishirini au thelathini. Injinia hufungua vifuniko vyake vya ukaguzi kila mwaka, hilo ni kweli. Lakini nyuma ya dari, chini ya gundi ya zulia, nyuma ya plastiki za milangoni, haingii mtu mpaka siku mwenye ndege achoke na rangi ya viti vyake. Kwa hiyo ninachokiona siku ya kubomoa kina thamani kuliko chochote nitakachokishona baadaye, na fundi anayefunika alichokikuta bila kumwambia mtu anamhatarisha kila atakayeipanda ndege hiyo.

Nitasimulia kazi moja, ya Cessna 182 ya miaka ya 1970, kwa sababu humo nilikutana na karibu kila kitu. Hii ni ndege ya viti vinne, mabawa juu, injini moja ya nguvu za farasi 230. Aina yake ilianza kutoka kiwandani Marekani mwaka 1956, na hapa kwetu wenye mashamba na wenye kambi za watalii wanaipenda kwa kuwa inatua kwenye viwanja vya vumbi na inabeba mzigo wa maana. Mwenyewe alikuwa mkulima wa Laikipia, mzee mpole, mwenye kusikiliza. Alikuwa ameinunua kwa mtu aliyeiweka Pwani miaka mingi, nje, bila paa, upepo wa bahari ukiipiga usiku na mchana. Rangi ya nje ilikuwa imepakwa upya na iling'aa. Ukifungua mlango, harufu ya ukungu ilikupokea.

"Fundi," akaniambia, "nataka ngozi ya krimu, zulia jipya, dari mpya. Na hapa juu ya dashibodi uniwekee krimu pia, vifanane."

"Sawa Mzee. Lakini kabla sijagusa skrubu hata moja, naomba tumwite Injinia."

Hilo kwangu ni sharti. Mimi sina leseni ya kutia sahihi kwenye logibuku, kitabu cha kumbukumbu za ndege, anayetia ni injinia mwenye leseni. Jina lake ndilo litakalosomwa endapo kitu kitatokea, kwa hiyo ni haki yake kujua kila ninachotoa na kila ninachorudisha. Tena hangari, banda la ndege, ikishamzoea fundi wa viti kama mtu wa kuongea na injinia, yeye mwenyewe hukuita: njoo utazame hapa, unaonaje? Wilson ni mahali pa namna hiyo. Uwanja unaitwa kwa jina la Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929, na tangu enzi hizo maisha yake yamekuwa ndege ndogo: za kwenda Mara, za wakulima, za wanafunzi wa urubani, za madaktari wa Amref ambao wamekuwa wakiruka tangu 1957. Elimu nyingi pale inapita kwa mdomo, hangari hadi hangari, na mtu akijifungia na kazi yake hawezi kuipata.

Kubomoa kunaanza na picha. Kila paneli napiga picha kabla haijatoka, kila skrubu inaingia kwenye bahasha ya kaki iliyoandikwa ilikotoka, na bahasha inabandikwa kwenye paneli yake. Huenda ukaona ni usumbufu. Lakini skrubu za ndani ya Cessna zinafanana huku urefu wake ukitofautiana, na urefu wa skrubu, nitaeleza mbele kidogo, ni jambo la uhai. Plastiki nazo zinataka mkono wa taratibu. Zile za miaka ya 1970 ni plastiki nyembamba iitwayo ABS, na jua la hapa kwetu likishazikausha hukatika kama biskuti. Nikikuta ufa natoboa tundu dogo kwenye ncha yake usiendelee, kisha nachukua vipande vya ABS hiyo hiyo iliyovunjika, naviyeyusha kwenye asetoni mpaka vinakuwa gundi nzito, na kwa upande wa nyuma nalaza kitambaa cha nyuzi za glasi. Ikikauka, inashika vizuri kuliko gundi za dukani. Asetoni lakini isisogee karibu na madirisha. Dirisha la ndege ndogo si kioo, ni akriliki, plastiki angavu, na asetoni, petroli, au hata ile dawa ya kusafishia vioo yenye amonia huliacha na mipasuko midogo midogo kama nywele, ambayo rubani ataiona kila anapoelekea kwenye jua. Maji, sabuni laini, kitambaa cha pamba, basi.

Zulia la ile 182 lilipong'oka, chini yake hapakuwa na chuma safi. Kulikuwa na unga mweupe. Alumini haili kutu nyekundu kama bati la nyumba; inatoa unga, inavimba kwa tabaka, na ukiikuna kwa ukucha inaacha shimo. Sufi ya nyuzi za glasi iliyopachikwa ukutani kuzuia kelele ilikuwa imenyonya maji ya Pwani na kuyashika miaka yote hiyo. Nyuma ya viti vya abiria panya walikuwa wamejenga, na mkojo wa panya nao hula alumini. Na chini kabisa tumboni, kwenye vitundu vidogo vya kutolea maji, fundi aliyetangulia alikuwa amemwaga gundi na vipande vya sponji hadi vikaziba. Maji yaliyoingia mlangoni wakati wa mvua hayakuwa na pa kutokea.

Hapo fundi wa haraka huchukua kikwangua cha chuma au brashi ya waya. Tafadhali, kama unasoma haya na umeitiwa kazi ya ndege, usifanye hivyo. Bati la ndege limevishwa tabaka jembamba sana la alumini safi inayolilinda, na chuma kinalichana. Zaidi ya hayo, chembe za chuma hubaki zimejikita kwenye alumini, na metali hizo mbili zikikutana na unyevu huanza kulana. Mimi natumia vikwangua vya plastiki na sponji ngumu za nailoni, nalainisha gundi taratibu kwa dawa ambayo injinia ameikubali. Inachukua siku nyingi. Mikono inauma. Injinia akaja na tochi na kioo chake kidogo, akapima palipoliwa, akaamua pa kusafisha na kupaka praima, na sehemu moja ya sakafu ambayo ilibidi ikatwe na kuwekwa kiraka cha riveti. Huo ni uamuzi wake, si wangu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha ameiona.

Jambo lililonikaa zaidi kichwani lilikuwa kwenye nguzo ya mlango. Katika ndege hizi za mabawa juu, mafuta yako mabawani, na mabomba yanashuka kwenda kwenye injini kupitia ndani ya nguzo za milango, yaani nyuma tu ya ile plastiki unayoegemeza bega. Nilipoitoa plastiki ya upande wa kushoto, skrubu moja ilikuwa ndefu kuliko wenzake. Fundi aliyepita alipoteza ya asili, akatia aliyoipata. Nikamulika ndani. Kwenye bomba la alumini palikuwa na mchirizi unaong'aa, mpya, upana wa ukucha wa kidole kidogo, mahali ambapo ncha ya skrubu ilikuwa ikisugua kila injini ilipotetemeka. Bomba lilikuwa halijatoboka. Nilipitisha kidole, nikahisi kibonde.

Nikamwita Injinia. Akatazama kwa muda, akazima tochi.

"Hii haitoki hapa mpaka nibadilishe bomba lote."

Mwenye ndege alipopata bili ya bomba alinipigia simu. "Fundi, nilikuletea viti. Mbona unaniletea habari za mafuta?" Sikubishana naye kwenye simu. Nilimwomba aje. Alipofika nilimpa bomba mkononi, nikamwambia, "Mzee, weka kidole hapa." Aliweka kidole, akakaa kimya, kisha akauliza kama upande wa pili tumeshautazama. Tulikuwa tumeutazama, ulikuwa salama. Tangu siku hiyo hakuuliza tena kwa nini kazi inachelewa.

Kwa sababu ya skrubu ile nina mazoea ya kupima kila skrubu ninayorudisha, na nikikosa ya asili naagiza inayolingana, sitafuti kwenye kopo la mabaki. Chini ya sakafu ya Cessna zinapita kebo za mkia. Juu ya dari kuna kebo za flapu, yale mabapa ya nyuma ya mabawa yanayoshushwa wakati wa kutua, na nyaya za umeme. Hakuna ukuta ndani ya ndege ndogo ambao nyuma yake ni patupu.

Sasa viti. Viti vya mbele vya Cessna vinateleza juu ya reli mbili zilizotobolewa matundu, na pini ya chuma inashuka kwenye tundu ili kiti kisisogee. Miaka ikipita, tundu linapanuka na kuwa la mviringo mrefu, pini inalika, na vumbi la viwanja vyetu linajaa ndani ya tundu hadi pini haishuki hadi chini. Kiti kinaonekana kimeshika, kumbe kimeshikilia ukingoni. Ndege inapoongeza mwendo kupaa na pua kuinuka, kiti cha rubani kinaachia na kukimbia nyuma. Rubani kwa silika anashikilia kilichopo mbele yake, na kilichopo mbele yake ni usukani. Anauvuta. Pua inainuka zaidi, ndege inakosa mwendo, na yuko futi chache tu kutoka ardhini. Watu wamekufa kwa namna hii. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo la ukaguzi wa reli hizi mwaka 1987, na mwaka 2011 ikatoa jingine mahali pake, namba 2011-10-09, linalotaka reli, pini na magurudumu ya kiti yakaguliwe kila saa 100 za kuruka au miezi 12.

Fundi wa zulia anahusika moja kwa moja. Zulia likikatwa vibaya, ukingo wake unalala juu ya reli na kuziba tundu. Gundi ikichuruzika ndani ya tundu, pini haishuki. Mimi nakata zulia likiwa pungufu kidogo pande zote za reli, nashona ukingo wote ili nyuzi zisifumuke, na nikishamaliza nasogeza kiti tundu kwa tundu, toka mbele hadi mwisho, nikiinama kutazama pini ikishuka katika kila moja. Kisha nakaa na kujisukuma nyuma kwa miguu kwa nguvu zote. Vijana wangu nawafanyisha hivyo hivyo. Kwenye ile 182, reli ya kiti cha rubani ilikuwa imepita kiwango; Injinia akaibadilisha na kumshauri mwenyewe aweke pia kile kizuizi cha pili ambacho Cessna wenyewe walikitoa, mkanda unaojifunga kiti kikianza kukimbia. Aliweka.

Kuhusu vitambaa na sponji, hapa ndipo ninapogombana na wateja wengi, kwa sababu bei inapanda na macho hayaoni tofauti. Sponji ya godoro na sponji ya ndege ukizishika mkononi zinafanana. Ziwashe, uwanjani nyumbani, mbali na watu. Ya godoro inashika moto mara moja, inadondosha matone yanayowaka, na moshi wake mweusi una kaboni monoksaidi na sianidi. Ndani ya chumba chenye upana wa mabega mawili, rubani hana dakika nyingi. Kwa ndege ndogo za umri ule, kipimo kimoja cha Kimarekani ni kwamba kipande kikilazwa na kuwashwa, moto usitambae zaidi ya inchi 4 kwa dakika. Kwa ndege kubwa ni kali zaidi: kipande kinasimamishwa wima, kinawekewa moto kwa sekunde 12, ukiondolewa kizimike chenyewe ndani ya sekunde 15, na kisiwe kimeungua zaidi ya inchi 8. Mimi naagiza vitambaa vya kipimo hicho kikali hata kwa Cessna, na kila jora huja na cheti chake cha kuunguzwa. Cheti hicho kinaingia kwenye faili la ndege. Bila karatasi hiyo, Injinia hawezi kutia sahihi, hata ngozi ikiwa nzuri namna gani.

Naichukulia karatasi hii kwa uzito kwa sababu ya ajali ambayo kila mtu wa kazi yangu anapaswa kuijua. Tarehe 2 Septemba 1998, ndege ya Swissair namba 111, aina ya MD-11, ilianguka baharini karibu na Nova Scotia, Kanada, na watu wote 229 wakafa. Moto ulianzia juu ya dari, kwenye nyaya, na kilichoutambaza ni zile blanketi za kuzuia joto na kelele, zilizofunikwa kwa plastiki nyembamba yenye rangi ya fedha. Plastiki hiyo ilikuwa imefaulu kipimo cha sekunde 12. Wachunguzi wa Kanada walipoonyesha ilivyowaka, vipimo vikabadilishwa. Kitu kilichofichwa nyuma ya paneli, kisichoonwa na abiria, ndicho kilichoiangusha. Ninapokataa kumwekea mteja sufi ya bei rahisi ukutani, namkumbuka rubani wa ndege ile, na sioni haya kusema hivyo mbele ya mteja.

Ngozi ya krimu tuliipata, yenye cheti. Kuishona ni raha, lakini haisamehe. Sindano ikishatoboa ngozi, tundu halizibiki, kwa hiyo kila kipande kinajaribiwa kwanza kwa kitambaa cha bure. Natumia uzi mzito wa nailoni uliopakwa gundi. Mishono naiweka mbali na mapaja, kwa sababu safari ya saa tatu juu ya mshono inaumiza. Sponji napanga tabaka mbili au tatu, ngumu chini na laini juu. Jambo la muhimu zaidi ni urefu. Kabla ya kubomoa kiti cha rubani, namkalisha mwenyewe ndani ya ndege, nabandika kipande cha utepe kwenye nguzo ya mlango usawa wa jicho lake, na kiti kipya lazima kimrudishe jicho pale pale. Rubani aliyeshuka inchi mbili haoni kiwanja vizuri wakati wa kutua. Aliyepanda kupita kiasi anagonga kichwa darini ndege inaporushwarushwa na hewa. Na usukani ukivutwa hadi mwisho usiguse ukingo wa kiti wala tumbo. Haya huyaoni kwenye picha za viti vizuri.

Ile dashibodi ya krimu nilikataa kuifanya. Sehemu ya juu yake, ile inayotazamana na kioo cha mbele, inatakiwa iwe nyeusi na isiyong'aa, maana rangi yoyote ya kung'aa inajirudisha kwenye kioo, na jua la saa tisa likiwa mbele rubani anaona dashibodi yake badala ya ndege nyingine. Nilimweka mzee kwenye kiti, nikalaza kipande cha ngozi ya krimu pale juu, hangari ikiwa wazi kuelekea jua. Alitazama kiooni, akakitoa kile kipande mwenyewe.

Kuna na dira. Katika Cessna, dira ya sumaku inakaa juu kabisa, kwenye mwimo wa katikati ya kioo cha mbele. Skrubu zinazoshika plastiki za eneo lile zinatakiwa ziwe za shaba au metali isiyovutwa na sumaku. Ukitia skrubu ya chuma cha kawaida, dira inadanganya. Kwenye ndege hii nilipozisogezea sumaku ndogo skrubu za pale, mbili ziliruka zikaikamata. Tukabadilisha, na Injinia akaipima na kuirekebisha dira upya, ndege ikielekezwa pande zote, na kadi ya masahihisho, inayoonyesha dira inakosea kiasi gani kila upande, ikaandikwa upya. Kadi hiyo na vibandiko vyote vya maandishi ambavyo ndege ilitoka navyo kiwandani, vya mafuta, vya mwendo, vya mzigo, lazima virudi mahali pake baada ya kupaka rangi. Ni sehemu ya ndege kama ilivyo propela.

Halafu mizani. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na viwanja vingi vya Laikipia viko juu zaidi. Hewa ni nyepesi, injini inapumua kwa taabu, na kila kilo unayoiongeza ndani rubani anailipa kwenye urefu wa kiwanja. Ngozi ni nzito kuliko kitambaa. Kila kilichotoka tulikipima, na kila kilichoingia tukakipima, na tukaandika kilikaa wapi, kwa kuwa kilo moja nyuma karibu na mkia inavuta zaidi kuliko kilo ile ile chini ya mabawa. Zulia la zamani na sufi iliyolowa vilikuwa vizito kiasi kwamba ndege ilirudi nyepesi kidogo, hata baada ya ngozi. Injinia hakuridhika na hesabu zetu za karatasi, akaipandisha ndege nzima kwenye mizani. Nilifurahi kwamba alifanya hivyo.

Mikanda ya viti sikuigusa. Mteja aliuliza kama tunaweza kuitia rangi ya krimu. Hapana. Dawa za rangi hudhoofisha nyuzi, na mkanda usio na lebo yake hauna thamani. Ilikwenda kwa watu wenye idhini ya kusuka upya mikanda, ikarudi na lebo mpya.

Mzee aliiruka kwenda kwake, na baada ya wiki chache akairudisha kama tulivyokubaliana. Ngozi mpya hunyooka ikikaliwa. Niliikaza tena kwenye vikalio vyote viwili vya mbele. Paneli moja ya nyuma ilikuwa ikipiga kelele angani, tukaitia kipande chembamba cha sponji yenye cheti. Nikatazama pini za viti. Nikamulika vitundu vya maji tumboni, vilikuwa wazi, na vumbi la Laikipia limeanza kukaa pembeni yake.

Siku hizi mtu akinipigia kuuliza bei, namtajia bei mbili. Ya kwanza ni ya kufungua: kutoa kila kitu, kusafisha, kupiga picha, na kumkalisha Injinia na tochi yake kwa muda anaoutaka. Ya pili ni ya kushona, na hiyo siitaji mpaka ya kwanza iishe. Wapo wanaokata simu. Wanaobaki, naanza nao Jumatatu asubuhi, kiti cha nyuma kwanza, kwa sababu ndicho chepesi kutoka na chini yake ndiko unyevu hujificha.